Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma na Kutafiti Fasihi ya Australia ya Leo

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi au mwalimu wa fasihi aliyemzoea Shaaban Robert, Kezilahabi na Ngũgĩ, na ambaye sasa, kwa hiari yake au kwa kusukumwa na msimamizi, anataka kuingia katika riwaya na mashairi ya Australia. Maswali yanaanzia yale ya mwanzo kabisa na kuishia yale yanayomkuta mtu akiwa katikati ya tasnifu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Fasihi ya Australia "ya leo" inaanzia lini?

Inategemea umemuuliza nani. Wapo wanaoanzia 1973, mwaka ambao Patrick White alipata Tuzo ya Nobel. Wengine wanaanzia 1988, Australia ilipoadhimisha miaka 200 tangu Waingereza wafike, huku Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara hilo, na waliowaunga mkono wakiandamana Sydney kuyakataa maadhimisho hayo. Nicholas Birns, katika *Contemporary Australian Literature* (2015), anaisoma fasihi hii kama jibu la waandishi kwa siasa za soko huria.

Mimi ningekata mstari tarehe 3 Juni 1992. Siku hiyo Mahakama Kuu ya Australia ilitoa hukumu ya kesi ya Mabo na kuitupa hoja ya kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe Waingereza walipoitwaa. Eddie Koiki Mabo, mwenyeji wa kisiwa cha Mer katika Mlango wa Torres, hakuisikia. Alifariki Januari mwaka huohuo. Tangu hapo, riwaya yenye uzio, mto na nyumba ya mlowezi haisomeki tena kama hadithi ya mazingira tu. Msomaji anataka kujua shamba lile lilikuwa la nani. Mwandishi naye anajua kwamba ataulizwa.

2. Je, hili ni somo linalojitegemea au ni tawi la fasihi ya Kiingereza?

Kwa muda mrefu halikuwa hata tawi. Idara za Kiingereza za vyuo vya Australia zilifundisha Uingereza, na vitabu vya nyumbani vilikuwa nyongeza. Kigoda cha kwanza cha uprofesa wa fasihi ya Australia kilianzishwa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 1962, akakikalia G. A. Wilkes. Mwaka uliofuata Laurie Hergenhan akaanzisha jarida la *Australian Literary Studies* huko Tasmania. Chama cha wataalamu wa fani hii, kinachojulikana kwa kifupi kama ASAL, kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Anayekumbuka waraka wa Nairobi wa 1968, ule wa Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong uliotaka idara ya Kiingereza ivunjwe, ataona kwamba mapambano haya yalikuwa ya zama moja, ingawa hapa kwetu yalikuwa makali zaidi.

Usidhani vita vimekwisha. Robert Dixon alipostaafu kigoda cha Sydney mwaka 2019, uamuzi wa chuo wa kutokijaza kwa fedha zake ulizua makelele makubwa. Kwingine hali ni nzuri zaidi: Melbourne wana kigoda ambacho kimekaliwa na waandishi wenyewe, Richard Flanagan, kisha Alexis Wright, kisha Tony Birch.

3. Nianze na vitabu gani?

Anza na vitabu viwili vya mkusanyiko: *Macquarie PEN Anthology of Aboriginal Literature* (2008), uliohaririwa na Anita Heiss na Peter Minter, na ule wa fasihi ya Australia kwa jumla uliotoka 2009 chini ya Nicholas Jose. Nashauri uanze na huo wa 2008. Wengi hufanya kinyume chake, wakaishia kuwaona waandishi Waaborijini kama sura ya mwisho ya hadithi ya watu wengine.

Kisha soma riwaya tatu tu, kwa utulivu: *Benang* ya Kim Scott, *Carpentaria* ya Alexis Wright na *The Secret River* ya Kate Grenville. Hiyo ya tatu, iliyotoka 2005, isome pamoja na ugomvi wake. Inamhusu mfungwa aliyeletwa kutoka London akajitwalia shamba kando ya mto Hawkesbury. Mwanahistoria Inga Clendinnen alihoji mwaka 2006 kama mwandishi wa riwaya anaweza kudai kuijua mioyo ya watu wa miaka 200 iliyopita kwa kujiweka mahali pao. Mjadala ule unafundisha mengi kuliko vitabu kadhaa vya nadharia.

4. Je, ni lazima nimsome Patrick White?

Ukiandika juu ya riwaya, ndiyo, angalau *Voss*, iliyopata Tuzo ya Miles Franklin, tuzo kubwa ya riwaya ya Australia, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1957. Ukiandika juu ya ushairi, unaweza kumwacha kwa sasa.

## Fasihi ya wenyeji wa asili

5. Je, fasihi ya Waaborijini ilianza na Oodgeroo Noonuccal mwaka 1964?

Hapana, ingawa sentensi hiyo inarudiwa katika tasnifu nyingi. *We Are Going* ya 1964, aliyoitoa kwa jina la Kath Walker, ni diwani ya kwanza kuchapishwa na mshairi Mwaborijini. Maandishi yenyewe yalianza mapema zaidi. Bennelong, aliyepelekwa Uingereza akarudi, alisemesha barua mwaka 1796, na mtafiti Penny van Toorn ameonyesha kwamba maombi, barua na malalamiko ya aina hiyo ni sehemu ya historia ya uandishi.

Kisha yuko David Unaipon, ambaye sura yake iko kwenye noti ya dola 50. Hadithi alizozikusanya na kuziandika zilitoka mwaka 1930 kwa jina la William Ramsay Smith, bila yeye kutajwa. Zilirudishwa kwa jina lake mwaka 2001, wakati huo akiwa amekwisha kufa zamani. Nyuma ya yote hayo kuna nyimbo na masimulizi katika lugha zaidi ya 250 zilizokuwa zikisemwa wazungu walipofika. Mwanafunzi aliyesoma fasihi simulizi ya Kiswahili hapa ana mtaji: anajua tayari kwamba wimbo ulioandikwa na mkusanyaji si wimbo ule ulioimbwa.

6. Nisomeje shairi la "We Are Going"? Mbona linaonekana jepesi?

Wahakiki wa miaka ya 1960 nao waliliona jepesi, wengine wakaliita propaganda. Litazame kwa karibu. Kikundi kidogo cha watu, mabaki ya kabila lao, kinaingia mjini kimyakimya. Kinafika kwenye uwanja wao wa zamani wa jando. Hapo pamesimamishwa kibao cha dalali wa ardhi kinachosema takataka zaweza kutupwa mahali hapa, na takataka zenyewe zimekwisha kuifunika nusu ya alama za uwanja.

Hadi hapo msimulizi anasema "wao", kama mtu anayetazama kutoka ng'ambo ya barabara. Halafu, bila onyo, sauti inageuka kuwa "sisi". Na hao "sisi" hawajitaji kama watu tu. Wanajitaja kuwa ngoma, sheria, radi, mapambazuko. Mstari wa mwisho unasema wanaondoka. Ukiusoma kama kilio cha kutoweka, umesoma nusu. Aliyeuandika alikuwa mwanaharakati aliyekuwa akizunguka nchi kudai haki, na kura ya maoni ya 1967, iliyobadilisha katiba kuhusu Waaborijini, ilikuwa miaka mitatu mbele. Watu waliojitambulisha kuwa radi wataondoka waende wapi?

7. Mimi si Mwaborijini wala Mwaustralia. Je, ninaruhusiwa kuandika juu ya maandiko haya?

Kitabu kilichochapishwa kiko wazi kwa mhakiki yeyote. Kinachohitaji ruhusa ni maarifa yaliyomo ndani ya jamii: wimbo wa ibada, picha za marehemu, hadithi ambayo kimila husimuliwa na watu fulani tu. AIATSIS, taasisi ya taifa ya masomo ya Waaborijini na watu wa Visiwa vya Mlango wa Torres, ilitoa kanuni mpya za maadili ya utafiti mwaka 2020. Zisome kabla ya kuandika pendekezo lako, maana kamati ya maadili ya chuo chako huenda haizijui.

Kwa vitendo, mambo ni mawili. Mtaje mwandishi pamoja na taifa lake kama yeye anavyojitaja: Alexis Wright ni Mwaanyi, Kim Scott ni Mnoongar, Melissa Lucashenko ni Mbundjalung. "Mwaborijini" peke yake ni kama kumwita mtu Mwafrika ukaishia hapo. La pili, wataje wahakiki Waaborijini wenyewe. Sura nzima juu ya Wright isiyomtaja mhakiki Mwaborijini hata mmoja itarudishwa na msahihishaji yeyote makini.

## Ushairi

8. Je, ushairi wa Australia una vina na mizani?

Ulikuwa navyo. Tenzi za porini za mwisho wa karne ya 19, za akina Banjo Paterson, zina mapigo ya farasi na vina vya kukariri, na zilipendwa kupitia gazeti la *The Bulletin*. Leo mashairi huru ndiyo mengi. Washairi wanaoitwa kizazi cha 1968, akiwemo John Tranter, walivunja kanuni wakiwaangalia Wamarekani. Aliyesoma mgogoro wetu uliozunguka *Kichomi* ya Kezilahabi mwaka 1974 atatambua hasira za pande zote mbili.

Tofauti ni kwamba Les Murray (1938–2019), mshairi wao aliyejulikana zaidi duniani, hakukaa upande wowote kwa raha. Aliishi Bunyah, kijijini kwao New South Wales, akawatetea watu wa shamba dhidi ya wasomi wa mjini, lakini umbo la mashairi yake ni la kijasiri kuliko la wengi waliojiita wapya. Katika shairi lake moja maarufu, mtu analia katikati ya Sydney, mchana kweupe. Magari yanasimama, watu wanamzunguka, naye halii kwa sababu yoyote inayotajwa. Siasa zake ziliwaudhi wengi. Usiziruke, ila usianze nazo.

9. Ern Malley ni nani, na kwa nini kila mtu anamtaja?

Ni mshairi ambaye hakuwahi kuwepo. Mwaka 1943, James McAuley na Harold Stewart, askari wawili waliouchukia ushairi wa kisasa, walikaa kambini Melbourne wakatunga mashairi ya mtu huyo kwa kuokota maneno vitabuni, ikiwemo ripoti juu ya mazalio ya mbu. Wakabuni fundi makenika aliyekufa kijana, na dada yake Ethel anayeandika barua kuuliza kama mashairi ya marehemu yana thamani. Max Harris, mhariri kijana wa jarida la *Angry Penguins*, akayameza yote na kuyachapisha mwaka 1944.

Aibu haikuishia hapo. Polisi wa Australia Kusini wakamshtaki Harris kwa kuchapisha uchafu. Mpelelezi alilishuku neno moja mahakamani huku akikiri kwamba hajui maana yake. Harris akatozwa faini ya pauni 5.

Anatajwa kwa sababu mashairi yale yamekataa kufa. Wahakiki na washairi, John Ashbery wa Marekani miongoni mwao, waliyasoma wakayaona mazuri. Kwa hiyo swali la kitaaluma si la udanganyifu tena: shairi linaweza kumshinda mtunzi aliyekusudia liwe upuuzi? Fani nzima ya ushairi wa Australia ina kovu hapo, na pia ina ucheshi fulani juu yake yenyewe ambao hutaukuta Uingereza. Ukilinganisha na udanganyifu mwingine, tazama swali la 15.

10. Riwaya ya kishairi ni nini?

Ni hadithi ndefu iliyotungwa kwa mashairi tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji wa tenzi hatashangaa. Australia imeipenda mno: *The Monkey's Mask* ya Dorothy Porter (1994) ni hadithi ya upelelezi, *Fredy Neptune* ya Les Murray (1998) inamfuata baharia aliyepoteza hisia za ngozi baada ya kushuhudia wanawake Waarmenia wakichomwa moto, *Ruby Moonlight* ya Ali Cobby Eckermann (2012) inamfuata msichana aliyenusurika mauaji ya jamaa zake. Mada ya fasihi linganishi inayoweka hizi kando ya utenzi bado iko wazi. Aichukue mtu.

11. Washairi gani wa sasa wanafaa kutafitiwa?

Evelyn Araluen kwanza. *Dropbear* yake ilishinda Tuzo ya Stella mwaka 2022, mwaka wa kwanza mashairi kuruhusiwa kushindania tuzo hiyo. Jina ni la mnyama wa mzaha, dubu anayedaiwa kuwadondokea watalii kutoka mtini, na diwani inavamia vitabu vya watoto vyenye vijitoto vya maua ya porini, ikiuliza wenyeji wa pori hilo wamekwenda wapi. Ni kali na inachekesha.

Lionel Fogarty anahitaji subira. Kiingereza anakipindua hadi kikose raha. Eckermann alipata Tuzo ya Windham-Campbell ya dola 165,000 za Marekani mwaka 2017 akiwa hana kazi, anaishi kwenye karavani. Upande wa wahamiaji, soma πO wa Melbourne, Mgiriki mwenye masikio ya ajabu kwa lugha ya mitaani, na Ouyang Yu.

## Njia za utafiti

12. Nitapata wapi maandiko bila kulipa?

Kwa bahati nzuri, mengi. Trove ya Maktaba ya Taifa, iliyofunguliwa 2009, inatoa magazeti ya zamani bure. Mengi yanaishia 1954 kwa sababu za hakimiliki. Jarida la ASAL husomwa bure, *Cordite Poetry Review*, lililoanzishwa 1997, lipo mtandaoni, na *Jacket* la Tranter bado linasomeka. AustLit, hifadhidata kubwa ya Chuo Kikuu cha Queensland, hulipiwa na maktaba, kwa hiyo mwombe mkutubi wako kabla ya kukata tamaa. Mwandikie pia mtafiti mwenyewe. Wengi hutuma makala yao siku hiyohiyo.

Trove ikikuonya kwamba kuna majina au picha za marehemu, heshimu onyo hilo hata katika slaidi zako.

13. Nitumie nadharia gani? Msimamizi wangu anataka ya baada ya ukoloni.

Huenda hajui kwamba kitabu anachokitegemea kilitoka hukohuko. *The Empire Writes Back* (1989) kiliandikwa na Bill Ashcroft, Gareth Griffiths na Helen Tiffin, wote wakifundisha Australia. Ndiyo maana kinawaweka walowezi na waliotawaliwa katika kapu moja: mwandishi mzungu wa Sydney anaonekana ametawaliwa na London.

Kwa msomaji wa Kenya hapo pana mushkeli. Walowezi wa nyanda za juu walikuwa wachache, na bendera yao ilishuka. Australia walowezi ndio wengi, serikali ni yao, na wenyeji wanasema ukoloni haujapita hata uwe na "baada". Tumia nadharia hiyo kama una lengo la kuijaribu. Vinginevyo, nadharia za ukoloni wa walowezi, uhakiki wa mazingira na kazi za wahakiki wenyeji zitakufikisha mbali zaidi. Kwa mazingira anza na Judith Wright, mshairi aliyekuwa pia mstari wa mbele kupigania miamba ya matumbawe ya Queensland.

14. Nimesikia watu wanahesabu riwaya badala ya kuzisoma. Ni uhakiki huo?

Katherine Bode ndiye wa kusomwa. Katika *A World of Fiction* (2018), kinachopatikana bure, alitumia magazeti ya Trove kuibua maelfu ya hadithi zilizochapishwa kwa vipande katika karne ya 19, nyingi zikiwa zimesahauliwa kabisa. Yeye mwenyewe anaonya kwamba hifadhi ya kidijitali ina mapengo, na asiyeyajua mapengo anahesabu hewa. Ni uhakiki, ndiyo.

## Kesi ngumu

15. Mwandishi akibainika kuwa amedanganya asili yake, kazi yake bado ni ya kusomwa?

Mfano wa kawaida ni wa 1995. Tuzo ya Miles Franklin ilikwenda kwa Helen Demidenko, aliyejitambulisha kama binti wa Mukraine. Ikabainika ni Helen Darville, mtoto wa wazazi kutoka Uingereza. Kitabu kinasomwa leo hasa kama ushahidi juu ya wasomaji na majaji: walitaka nini hadi wakaamini haraka hivyo? Andika juu ya hilo.

16. J. M. Coetzee ni wa Australia au wa Afrika Kusini?

Alihamia Adelaide 2002, akapata Nobel 2003, akawa raia 2006. *Slow Man* (2005) inatokea Adelaide. Mweke kulingana na kitabu unachokisoma.

17. Na Behrouz Boochani?

Hapa mipaka ya fani inapasuka. Mkurdi wa Iran aliyezuiliwa na Australia katika kisiwa cha Manus, Papua Guinea Mpya, aliandika *No Friend but the Mountains* kwa Kiajemi, kipande kwa kipande, kwa ujumbe wa WhatsApp. Omid Tofighian akakitafsiri. Januari 2019 kilipata tuzo kuu ya fasihi ya jimbo la Victoria, ingawa mwandishi hakuwa raia wala mkaazi na hakuruhusiwa kukanyaga nchi iliyomtuza. Baadaye alipata hifadhi New Zealand. Namhesabu ndani ya fasihi ya Australia bila kusita, maana hakuna kitabu cha miaka ile kinachoielezea dola hiyo kwa ukaribu zaidi.

18. Kuna waandishi wenye asili ya Afrika?

Wapo na wanaongezeka. Anza na *Foreign Soil* (2014) ya Maxine Beneba Clarke, mwenye asili ya Karibi, kisha mkusanyiko wa *Growing Up African in Australia* (2019) alioushughulikia pamoja na Ahmed Yussuf na Magan Magan. Utafiti juu yao bado ni mchache.

19. Naweza kuandika tasnifu yangu kwa Kiswahili?

Pale ambapo idara inaruhusu, kama TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inawezekana. Weka beti za Kiingereza kwanza, tafsiri yako chini yake, na usiunganishe mistari kuokoa nafasi. Maneno ya lugha za wenyeji yaache kama yalivyo kwenye chapisho. Mara nyingi mwandishi ameyaacha bila maelezo kwa makusudi.

Kunukuu kwa ajili ya uhakiki hakuna shida. Ukitaka kuchapisha shairi zima lililotafsiriwa, omba ruhusa. Hakimiliki Australia hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na Oodgeroo alifariki 1993, kwa hiyo mashairi yake yanalindwa hadi mwisho wa 2063. Andikia mchapishaji mapema, kabla hata ya kuanza kutafsiri, kwa sababu majibu huchelewa na warithi wana haki ya kukataa.